Pomboo Akitupwa Ufuoni: Namna ya Kumpima Kabla Jua Halijamharibu

Mimi ni mama karanga wa Mkomani, Mombasa. Nanunua samaki kwa wavuvi, nawakaanga, nawauza jioni. Kazi yangu ya pili, isiyo na mshahara, ni ukatibu wa kikundi chetu cha ufuo, na ndiyo sababu simu za "Mama, huku kuna pomboo ametupwa" zinaingia kwangu kabla ya kwa mtu mwingine yeyote. Mara nyingi ni alfajiri, na mara nyingi mbwa wamekwisha tangulia.

Nawaandikia vijana wa boti, wauza madafu, mabawabu wa hoteli wa zamu ya usiku na wavuvi wanaorudi na jarife, ule wavu mkubwa. Nyinyi ndio mnaofika mwanzo. Wataalamu watakuja, lakini kuna msongamano wa daraja la Nyali, kuna gari lisilo na mafuta, kuna ruhusa inayosubiri sahihi. Saa mbili tatu za mwanzo ni zenu, na jua la Mombasa halimngoji mtu.

Kila mtu anataka kujua pomboo wetu wana sumu kiasi gani mwilini: zebaki, DDT ile dawa ya kuulia wadudu, uchafu wa bandarini. Swali zuri. Ila namba ya maabara ikija bila urefu wa mnyama, bila jinsia yake na bila mahali alipookotwa, haisemi kitu, na chini huko nitaonyesha kwa nini. Vitu hivyo vitatu havihitaji digrii. Vinahitaji tepu, penseli na mtu asiyekimbilia kisu.

Kwanza, hakikisha amekufa

Pomboo hana mashavu ya kupumulia majini kama samaki. Ana mapafu, na hewa inaingia kwa tundu moja tu lililo utosini. Halafu yeye hapumui bila kukusudia kama sisi; kila pumzi anaiamua, hata akilala hulaza nusu moja ya ubongo na nusu ya pili ikabaki macho. Kwa hiyo anaweza kukaa kimya muda ukadhani amemaliza. Simama upande wa ubavu, mbali na mkia, ulitazame lile tundu kwa dakika kadhaa bila kumgusa. Likifunguka na kujifunga, yu hai.

Akiwa hai, mambo ni machache. Piga simu kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Mweke kifudifudi, tumbo chini, asilale ubavu. Chimba vishimo chini ya mapezi mawili ya kifuani yasivunjike kwa uzito. Mfunike leso au shuka iliyoroweshwa maji ya bahari, ila tundu la utosini liwe wazi daima, lisiingie maji wala mchanga. Mtengenezee kivuli, hata cha tanga. Watu warudi nyuma, watoto wanyamaze, muziki wa boti uzimwe. Usimvute kwa mkia: uti wa mgongo wake umezoea kubebwa na maji. Na msimsukume baharini kwa pupa eti mumuokoe, maana aliyejileta nchi kavu mara nyingi ni mgonjwa, na mkimrudisha bila daktari atatupwa tena mbele kidogo akiwa amechoka zaidi. Kama ni mama na mtoto, msiwatenganishe.

Akiwa amekufa, ndipo kazi yangu inapoanza.

Simu, sheria na jino

Mamalia wa baharini wako chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, na mwenye mamlaka ni KWS. Taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, iko hapa hapa Mkomani, nao hupenda kujua. Kupima kwa tepu na kupiga picha unaruhusiwa baada ya kutoa taarifa. Kukata, kuchukua nyama, fuvu, hata jino, huruhusiwi bila kibali.

Kijana mmoja wa boti za vioo aliniuliza, "Ma'mkubwa, jino moja tu, nitie uzi nivae shingoni. Ataumia wapi, naye amekufa?"

Nikamwambia, "Mwanangu, hilo jino ndilo cheti chake cha kuzaliwa."

Sikuwa namtisha. Jino la pomboo hukua kwa matabaka, na likikatwa nyembamba likawekwa chini ya darubini, matabaka yanahesabika mwaka kwa mwaka. Ukilining'iniza shingoni, umempokonya mnyama umri wake, na bila umri hesabu ya sumu imepungua nusu ya maana. Alilirudisha mfukoni wazo lake.

Kuhusu kula: wengine wataanza mjadala kama ni halali ama si halali. Hilo waulizeni masheikh, mimi nazungumzia zebaki. Mnyama huyu yuko juu kabisa kwenye ngazi ya walaji, amekusanya mwilini kila kilichokusanywa na samaki aliowala. Kisha mzoga uliotupwa hujui umekufa na nini. Pomboo hubeba vijidudu vinavyomuingia binadamu, kimojawapo ni brusela, ileile ya maziwa mabichi. Vaa glovu, funika mdomo na pua unapolikaribia tundu lake, na mwenye kidonda mkononi apige picha tu. Mjamzito akae mbali.

Picha kabla ya mkono

Usimgeuze bado. Piga picha alivyolala, ubavu mzima kutoka mdomoni hadi mkiani, ukisimama sambamba naye, simu ikiwa kwenye kimo cha mwili wake. Picha za kutoka juu humfanya kila pomboo aonekane mnene. Kisha kichwa kwa upande, pezi la mgongoni kwa upande, mkia kwa juu, na kila jeraha kwa karibu. Weka futi kamba ya fundi cherehani ndani ya picha, namba zisomeke. Ndala za mtu si kipimo, maana hatujui ni za namba ngapi.

Washa huduma ya mahali kwenye simu kabla ya kupiga. Halafu, hili wengi hawalijui: ukituma picha kwa WhatsApp kama kawaida, taarifa za mahali na saa zinafutika njiani. Itume kama faili, kwenye ile sehemu ya kutuma hati, ifike na taarifa zake zote.

Na saa, jamani, saa! Ukiandika "saa 12" mimi nasoma alfajiri, na mzungu wa maabara anasoma adhuhuri. Andika "saa 12 alfajiri" kwa maneno. Ongeza hali ya maji: yalikuwa yakijaa au yakipwa, ni bamvua, yaani maji makubwa, au ni maji mafu, yaani madogo. Wavuvi mnalijua hili hata mkiwa usingizini, kwa hiyo hamna sababu ya kuliacha wazi.

Andika pia hali ya mzoga. Wataalamu hutumia namba 1 mpaka 5: 1 ni aliye hai, 2 amekufa punde na nyama ingali nzuri, 3 ameanza kufura na ngozi kubanduka, 4 ameoza lakini umbo lipo, 5 ni ngozi kavu na mifupa. Usijitie utaalamu. Eleza unachokiona: ngozi inabanduka au la, macho yapo au yameliwa, tumbo limefura au la, harufu ikoje. Mwenye kutoa namba atatoa.

Urefu

Urefu wa pomboo ni mstari ulionyooka kutoka ncha ya taya la juu hadi kwenye kile kipengo katikati ya mkia. Haupimwi kwa kuufuata mgongo, wala hadi kwenye ncha za mkia. Ukiufuata mwili na mviringo wake unaongeza sentimita nyingi, na mnyama aliyekuwa kijana anaandikwa mtu mzima.

Njia rahisi: nyoosha mwili kadiri unavyokubali. Chomeka kijiti kwenye mchanga sawasawa na ncha ya taya la juu, na cha pili sawasawa na kipengo cha mkia, vyote wima. Pima kijiti hadi kijiti kwa tepu ya chuma ya fundi seremala, ya mita tano. Futi kamba ya cherehani ni sentimita 150 tu, haimfiki. Utaunga, na kwenye kuunga ndipo pa kukosea. Pima mara mbili, watu wawili tofauti. Zikitofautiana, andika zote mbili.

Halafu unene. Mzunguko wa mwili hupimwa nyuma tu ya mapezi ya kifuani. Kumnyanyua mnyama wa kilo zaidi ya mia ili upitishe futi kamba chini yake ni kutafuta maradhi ya mgongo. Pima nusu: kutoka katikati ya uti wa mgongo hadi mstari wa katikati ya tumbo, na uandike neno NUSU kwa herufi kubwa pembeni. Atakayezidisha kwa mbili ni yule wa ofisini.

Mtazame pia shingoni, nyuma ya tundu la utosini. Mnene ana mteremko laini. Aliyekonda ana bonde pale, kama kwamba shingo imetokeza, na mbavu zinahesabika. Liandike. Shahamu, yaani lile tabaka la mafuta chini ya ngozi, ndiyo ghala ya kemikali. Mnyama akishinda na njaa mafuta yanayeyuka, kemikali inabaki, na sehemu yake inaingia kwenye damu. Kwa hiyo kipande cha shahamu cha pomboo aliyekonda kinaweza kuonyesha namba kubwa kuliko cha mnene, na wote wawili wamekula sumu ileile.

Jinsia

Hapa ndipo fomu nyingi zinarudi zikiwa zimeandikwa "haijulikani", na mimi hukasirika, maana si jambo gumu. Mgeuze ubavu, watu watatu kwa pamoja, mikono chini ya kifua na kiuno, si kwa mapezi. Tazama tumboni. Utaona kitovu, maana alizaliwa na kunyonya kama wewe. Shuka kuelekea mkiani.

Jike ana mpasuko mmoja mrefu, na pembeni mwake, kulia na kushoto, kuna mipasuko midogo miwili. Humo ndimo chuchu zilimofichwa. Dume ana mipasuko miwili iliyo katika mstari mmoja, iliyotengana: wa mbele mrefu wa uzazi, wa nyuma mdogo wa haja. Mipasuko ya chuchu ikiwa haionekani vizuri, angalia umbali: ukiona nafasi tupu kati ya mpasuko na mpasuko, ni dume. Na mzoga ukifura, uume wa dume hutokeza wenyewe, hapo hakuna wa kubishana.

Piga picha ya sehemu hiyo kuanzia kitovuni hadi mwanzo wa mkia, futi kamba ikiwa pembeni. Najua ufuoni watu watacheka. Waache wacheke.

Ni nani huyu?

Kabla ya yote hakikisha si nguva. Nguva hana pezi mgongoni, na pua zake ni mbili, mbele juu ya mdomo mpana kama wa ng'ombe. Ukimwona huyo piga simu mara mbili, maana kwetu Kenya wamebaki wachache mno.

Pomboo tunaowaona zaidi pande hizi ni watatu, na kila mmoja ana mtaa wake.

Wa kwanza ni mwenye nundu, Sousa plumbea. Pezi lake la mgongoni ni dogo na limekalia nundu ndefu. Mdomo mrefu, rangi ya kijivu. Ni mtu wa maji mafupi, yasiyozidi mita 25 au karibu na hapo, midomo ya hori, ile mikono ya bahari inayoingia nchi kavu, pembeni ya mikoko. Kwa kuwa anaishi mlangoni petu, anapata kila kitu cha mlangoni petu: nyavu, kelele za meli, maji ya choo, tope la bandari. Orodha ya kimataifa imemuweka kwenye kundi la walio hatarini kutoweka.

Wa pili ni yule mnene wa miambani, Tursiops aduncus, ambaye watalii humfuata Kisite na Watamu. Mdomo wake wa wastani, pezi refu lililopinda nyuma, na mtu mzima huwa na madoadoa tumboni. Hukaa pwani pwani, kandokando ya miamba na mikondo.

Wa tatu ni mwembamba, Stenella longirostris, yule arukaye akijizungusha hewani. Mdomo mrefu mwembamba, na ubavuni rangi tatu zimepangana: mgongo wa giza, katikati kijivu, tumbo jeupe. Mchana hupumzika karibu na pwani, usiku huenda maji makuu kula visamaki vya kilindini na ngisi wanaopanda juu. Kwetu ukingo wa kina uko karibu na pwani, kwa hiyo safari yake si ndefu.

Mwili ukiwa umeharibika, rangi zimepotea, tegemea meno. Fungua mdomo kwa kijiti, usitumie vidole. Hesabu upande mmoja tu wa taya moja kutoka mbele hadi nyuma, pamoja na mashimo yaliyopotea meno. Ishirini na kitu, huyo ni wa miambani. Thelathini na kitu, fikiria mwenye nundu. Zaidi ya 40, membamba kama sindano za gunia, yaelekea ni yule mwembamba. Hakuna meno taya la juu kabisa, na chini machache tu mbele? Huyo ni pomboo wa Risso, mtu wa maji makuu, na wataalamu watakuja mbio.

Alama mwilini

Mistari myembamba iliyobana mdomo, mapezi au shina la mkia ni ya uzi wa wavu. Pezi au mkia uliokatwa kwa mkato ulionyooka ni kisu: mtu alimnasua kwenye jarife kwa kumkata. Sitaki kumtaja mtu na wala nyinyi msitaje; andikeni alama, si mshukiwa. Mikato kadhaa inayofuatana sambamba, ya kina, ni pangaboi. Mistari mingi ya juujuu iliyo sambamba ni meno ya pomboo wenzake, hiyo ni michezo na ugomvi wao. Kidonda cha mviringo kama kilichokatwa kwa kikombe ni cha papa mdogo wa kilindini anayedonoa nyama na kukimbia. Mapovu tunduni yapige picha. Mafuta meusi mdomoni au tunduni yapige picha zaidi.

Daktari akija na kisu

Sasa wewe ni msaidizi. Mara ya kwanza nilipoona pomboo akifunguliwa, mimi ambaye nimepasua samaki tangu utotoni, nilijiona nimesimama machinjioni siku ya Idi: ini, mapafu, moyo wa vyumba vinne, kila kitu ni cha mbuzi, tumbo nalo lina vyumba. Figo peke yake ndiyo ngeni, imefanyika kwa vijifigo vidogo vingi vilivyoshikana kama kishada. Na pezi la kifuani likichunwa ngozi, ndani mna mfupa wa mkono mzima, kiwiko na vidole. Pezi la mgongoni na mabawa ya mkia hayana mfupa hata mmoja.

Kazi yako ni vyombo, na vyombo vina fitina. Shahamu inayokwenda kupimwa DDT na PCB, zile kemikali za mafuta ya transfoma za zamani, haigusi plastiki. Hufungwa kwa foili safi au chupa ya kioo, kwa sababu plastiki yenyewe hutoa kemikali. Ini na figo zinazopimwa metali ni kinyume: mfuko safi wa plastiki, foili marufuku, na kisu chenye kutu marufuku. Ukibadilisha, umepima foili yako. Kipande cha ngozi cha vinasaba huwekwa kwenye spiriti safi ya maabara, si ile ya buluu ya dukani. Vingine vyote barafuni, kisha friza. Friza ya samaki wa kuuza, hapana! Ya kwangu imeshaombwa, nimekataa.

Lebo iandikwe kwa penseli juu ya karatasi ngumu. Kalamu ya wino ikikutana na spiriti, inakimbia yote. Tia lebo moja ndani ya mfuko wa nje na moja juu yake.

Shahamu ikatwe yote, kutoka ngozi hadi nyama, kwa sababu tabaka la ndani na la nje hazibebi kemikali sawa. Unene wake upimwe mgongoni, ubavuni na tumboni. Tumbo lifungwe kwa uzi ncha zote mbili na liende zima. Aprili 2006, pomboo mia nne hivi walipokufa ufuoni Nungwi, Unguja, jambo la awali lililoonekana lilikuwa matumbo karibu matupu. Hilo lisingejulikana kama watu wangekwisha kuyatupa.

Namba ikirudi

Miezi inapita, mara nyingine mingi. Halafu inakuja karatasi ya majibu ya maabara. Usikimbilie kuwaambia watu "pomboo wetu wana sumu".

Angalia jinsia. Kemikali zinazopenda mafuta humkusanyikia dume maisha yake yote, akizeeka zinaongezeka. Jike akizaa anazitoa kwa maziwa, na maziwa ya pomboo ni mafuta matupu. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa 1989 ulikadiria kuwa jike anayezaa mara ya kwanza humpa mtoto wake takribani asilimia 80 ya mzigo wake. Kwa hiyo mama wa watoto wengi anaweza kuonekana msafi, na kifungua mimba wake wa mita moja na nusu akaonekana mchafu kuliko babu. Karatasi isiyosema ni jike au dume, mkubwa au mtoto, utaisomaje?

Angalia kiungo. Zebaki inayotoka kwa samaki hufika kwenye ini, na ini la pomboo lina ujanja: huifunga na madini ya seleni ikawa kitu kisichodhuru sana, na ikabaki hapo. Ini la mzee lenye zebaki nyingi si lazima liwe la mgonjwa. Kadimiamu hukaa figoni, na walaji wa ngisi wanayo zaidi hata kama hawajawahi kuiona bandari. Madini ya risasi, ambayo sisi wa Mombasa tuliyafahamu kwa uchungu kupitia watu wa mtaa wa Owino Uhuru walioathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, huenda mifupani na menoni. Mafuta ya petroli usiyatafute kwenye shahamu, mwili huyavunja. Madhara yake hutafutwa mapafuni, maana pomboo huvuta hewa palepale juu ya maji mafuta yanapoelea. Baada ya kile kisima cha mafuta kupasuka Ghuba ya Meksiko 2010, pomboo wa Louisiana walipatikana na maradhi ya mapafu.

Angalia na aina. Mwenye nundu akiwa na namba kubwa, nina haki ya kuitazama bandari ya Kilindini, hori la Makupa lililomwagikiwa mafuta 1988, na lile jaa la Kibarani lililokaa miaka na miaka pembeni ya maji. Tope la hori hushika metali na mafuta, mnyoo anakula tope, samaki anakula mnyoo. Lakini yule mwembamba wa maji makuu akiwa na zebaki, usiilaumu Kibarani. Zebaki husafiri hewani, hushuka na mvua bahari yote. Wala si kila kemikali ngeni imetoka kiwandani. Waliopima shahamu za pomboo wa Unguja walikuta mabaki ya DDT, na pamoja nayo kemikali nyingine ambazo viumbe wa baharini wenyewe huzitengeneza.

Jambo la mwisho kwenye karatasi ni mahali, nalo lina hila. Alipookotwa si lazima pawe alipoishi. Mzoga huzama, hufura, huibuka, kisha mkondo unauchukua. Pwani yetu mkondo unakwenda kaskazini, na wakati wa upepo wa kusi unakwenda kwa nguvu. Aliyeokotwa Bamburi, amekwisha kufura, huenda alifia kusini huko kwa watu wengine. Ndiyo maana nawasumbua na hali ya mzoga: namba 2 nitaamini ni jirani, namba 4 sitaamini.

Kumzika

KWS wakisharuhusu, azikwe juu ya alama ya maji ya bamvua, mbali na visima, kina cha mtu kifuani, vinginevyo mbwa watamfukua usiku uleule. Msimmwagie chokaa ikiwa kuna atakayehitaji mifupa. Chukua mahali kwa simu, kisha pima kwa tepu kutoka kwenye vitu viwili visivyohama, nguzo ya umeme na kona ya ukuta kwa mfano. Mnazi usiutumie, hukatwa. Andika kichwa kimeelekea upande gani, ili atakayekuja kulichukua fuvu baada ya mwaka asichimbue ufuo mzima. Nakala ya fomu moja ibaki kwa katibu wa ufuo, moja waende nayo KWS. Na glovu hizo msizitupe baharini.